Risasi uliyopiga juu itatua mahali: tuongee kuhusu mitutu inayotazama mbingu uwanjani

Mlinda Tuta

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimekuwa nikisimamia walengaji kwenye uwanja wa shabaha kwa miaka kadhaa, na kuna jambo limenikaa kooni. Hivi karibuni kijana mmoja alikuwa anapiga shabaha ya mita 25, bastola ikagoma. Badala ya kuiacha ikitazama tuta, yaani rundo la udongo linalozuia risasi nyuma ya shabaha, akaivuta karibu na kifua, mtutu ukainuka, akaanza kuhangaika na sehemu ya juu kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia nao ulikuwa umekaza, kidole kikiwa ndani ya kifyatulio. Nilifungua mdomo nipaze sauti. Kabla sijatamka, risasi ikatoka.

Tulishtuka, tukaangaliana. Kijana alikuwa amepauka, anajikagua miguu. Kila mtu mzima. Ndipo jamaa mmoja nyuma yangu akashusha pumzi akasema: "Afadhali imekwenda juu."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniondolea usingizi. Kumi na zaidi tulikuwa pale, watu wenye leseni na mafunzo, na karibu wote waliitikia kwa kichwa. Kwao mambo yalikuwa yameisha. Kwangu mimi risasi ilikuwa bado inakwenda. Nyuma ya tuta letu, ukipita kichaka, kuna njia wanayopita watoto wakitoka shule. Nilitazama saa. Ulikuwa muda wao wa kutoka.

Hakuna aliyepigwa. Nilikwenda mwenyewe kwa miguu, nikauliza, nikarudi. Ila sikuridhika kabisa, maana hakuna lolote tulilofanya sisi lililowakinga watoto wale.

Kwa hiyo naomba tulizungumze. Wengi tunajua kulaani wanaofyatua hewani harusini na mkesha wa mwaka mpya. Mimi nawaongelea sisi, watu wa shabaha, tunaojiona tuna nidhamu. Mtutu wetu unainuka mara nyingi kuliko tunavyokiri: wakati wa kukoki, wakati bunduki imegoma, tunapogeuka kumjibu mtu, bunduki inaporuka kwa teke la risasi, au tunapomaliza na mtu anataka "kuhakikisha iko tupu" kwa kuelekeza juu na kuvuta.

Kengele

Mkuu nimekusoma, na pole kwa mshtuko. Ila naomba nipingane kidogo. Nimewahi kusoma kwamba risasi iliyopigwa juu inapoteza nguvu zote, ikirudi inaanguka kama kokoto. Kuna mwanajeshi wa Marekani aliwahi kufanya majaribio akathibitisha. Je, si tunakuza mambo?

Mlinda Tuta

Kaka Kengele, umeuliza swali ambalo watu wengi wanajificha nyuma yake, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Mwanajeshi unayemsema ni Julian Hatcher, afisa wa silaha wa jeshi la Marekani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya majaribio kule Florida. Walijenga jukwaa dogo juu ya maji, wakaweka bunduki ya rashasha ikitazama wima kabisa, wakapiga. Katika risasi zaidi ya 500, ni 4 tu zilizorudi kuangukia pale walipokuwa. Tafakari hapo. Wataalamu, na bunduki imefungwa kwenye kitako maalumu, wanajitahidi risasi iwarudie, na karibu zote zinakwenda kutua kwingine. Upepo wa juu huko unazichukua.

Zile chache zilizorudi ziliacha alama ndogo tu kwenye mbao. Hatcher akakadiria kwamba risasi ya raifo ya .30 (kipenyo cha risasi kwa inchi) ilikuwa ikishuka kwa takriban mita 90 kwa sekunde, baada ya kukaa hewani karibu sekunde 49: kama 18 za kupanda na 31 za kushuka. Nguvu yake alipoikokotoa ilikuwa nusu hivi ya ile ambayo jeshi lao lilihesabu inatosha kumtoa askari vitani.

Hapo ndipo watu hufunga kitabu wakasema "umeona, haiui". Kuna mambo mawili wanayaacha.

La kwanza, kipimo kile kilikuwa cha askari mzima, hakikuhusu utosi wa mtoto. Risasi huhitaji kasi ndogo tu kupasua ngozi, na mita 60 kwa sekunde zinatosha hata kuleta hatari kwa fuvu. Ile iliyopigwa wima inashuka kwa 90.

La pili ndilo kubwa zaidi: ni nani kati yetu aliyewahi kupiga wima? Wima maana yake mtutu umenyooka kama mlingoti. Kijana wangu, mtutu wa bastola yake ulikuwa umeinuka kidogo tu kupita juu ya tuta. Risasi iliyotoka kwa mshazari haifiki kileleni ikasimama, ikapinduka na kuanza kuanguka upya kama jiwe. Inachora upinde, inaendelea kuzunguka kwenye mhimili wake, pua mbele, na inabaki na kasi kubwa kuliko ile iliyopigwa wima. Kadiri mwinuko wa mtutu juu ya tuta ulivyo mdogo, ndivyo risasi inavyofika kwa watu ikiwa na nguvu zaidi.

Chukua raifo ya 7.62x51 (risasi yenye kipenyo cha milimita 7.62). Ikiwa imekwenda mita 900, risasi yake bado ina kasi inayokaribiana na ile ambayo risasi ya bastola ya 9 mm hutoka nayo mdomoni mwa mtutu. Aliye mita 900 nyuma ya tuta yuko katika hali ya mtu aliyepigwa bastola kwa karibu, na huenda mlio hata hakuusikia.

Bi Mizani

Naongezea kwa upande wa hospitali, mimi ni muuguzi.

Hospitali moja ya Los Angeles ilikusanya kumbukumbu za 1985 hadi 1992 za watu waliopigwa na risasi zilizoanguka kutoka juu. Walikuwa 118. Waliofariki 38. Wengi mno walipigwa kichwani, na ukifikiri utaona ni kwa nini: kitu kinachotoka juu kinakutana kwanza na kichwa na mabega. Kwa majeraha ya risasi ya kawaida wanaofika hospitali wakiwa hai hupona kwa kiwango kizuri kuliko hicho.

Puerto Rico, mkesha wa kuingia 2004, watu 19 walijeruhiwa na mmoja wao akafariki, usiku mmoja.

Kaka Kengele, sikukemei, nakueleza tu kinachoonekana upande wetu. Mgonjwa wa namna hii analetwa na ndugu wanasema "ameanguka ghafla". Unatafuta kifafa, unatafuta presha, unamuuliza kama alipigwa na jua. Tundu liko ndani ya nywele, dogo, damu kidogo. Unaligundua ukipitisha vidole. Dakika zile za kutafuta ugonjwa ambao haupo ndizo alizozihitaji mgonjwa.

Kengele

Dada, nimeelewa. Hilo la vidole ndani ya nywele limenigusa. Nafuta kauli ya kokoto.

Gobore Kuukuu

Vijana, hamjambo. Mimi wa zamani, nimeanza na gobore la kushindilia kabla ya kumiliki raifo. Niseme la kwetu sisi wa gobore, maana ni kosa tulilorithishana.

Gobore ukishalishindilia baruti na risasi, kulitoa bila kupiga ni kazi. Kuna kifaa cha kuchokonoa, kinachukua muda, kinachafua mikono. Kwa hiyo mtu akimaliza mawindo au shabaha, anatoka nje, analielekeza juu, anapiga, kisha anakaa kulisafisha. Nimeona wazee wakifanya hivyo, na mimi nimefanya. Nasema wazi, nimefanya mara nyingi.

Mwaka 2011, Desemba, kule Ohio nchini Marekani, mtu mmoja alifanya hivyo hivyo. Alitaka kusafisha gobore lake, akafyatua hewani kulitoa risasi. Karibu maili moja na nusu kutoka pale, yaani kilomita 2 na ushee, binti wa miaka 15 alikuwa akirudi nyumbani na gari la farasi kutoka kwenye sherehe ya Krismasi. Ikampiga kichwani, akafa.

Gobore, wanangu. Silaha tunayoidharau kwamba haifiki mbali. Niliposoma habari ile nilihesabu mara zangu zote, nikakumbuka na upande niliokuwa nikielekeza. Tangu hapo ninatembea na mfuko wa mchanga. Nalimalizia humo, au nachokonoa, hata kama inachukua saa nzima.

Mlinda Tuta

Shikamoo mzee wangu. Ahsante kwa kusema waziwazi, watu wengi wa rika lako wangenyamaza.

Nataka nirudi kwenye tuta, maana hapo ndipo tunapodanganyika kwa macho. Ukisimama mbele ya tuta la mita 3 unaona kama ukuta wa gereza. Lipime sasa kwa mtutu. Raifo yenye mtutu wa sentimita 60: ukiinua mdomo wake kwa sentimita 1 tu kutoka pale ulipokuwa umelenga, kwenye mita 100 risasi itapita juu zaidi kwa mita 1 na sentimita 67. Sentimita 1 ni unene wa kidole chembamba. Inua sentimita 2 na umeongeza zaidi ya mita 3, tuta limeshapitwa.

Bastola ni mbaya zaidi kwa sababu ni fupi. Mtutu wa sentimita 10, uinue sentimita 1, umeshapanda nyuzi karibu 6. Kwa mita 25 hiyo ni mita 2 na nusu juu ya shabaha. Mkono uliochoka unainuka zaidi ya hapo bila mwenyewe kujua. Mtu anayeanza, akifumba macho kabla ya mlio na kuusukuma mkono, anainuka zaidi ya hapo.

Na zikishapita, zinafika wapi? Ile .22 ndogo tunayowapa wanaojifunza kwa sababu "haina nguvu" inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Bastola ya 9 mm karibu kilomita 2. Raifo ya 7.62x51 karibu kilomita 4. Huo ndio umbali wa mwisho kabisa, na hauhitaji kuelekeza mbinguni: kwa sababu hewa inaikaba risasi njiani, pembe inayoipeleka mbali zaidi ni nyuzi 30 hadi 35 hivi. Sasa kumbuka namna mtu anavyoshika bastola akipumzika, kiwiko kimekunjwa, mdomo unatazama mbele na juu. Amepata karibu pembe ile ile bila kutafuta.

Ndiyo maana wanaoshindana kwa kanuni za IPSC, shirikisho la dunia la kulenga shabaha kwa vitendo lililoanzishwa 1976, wana sheria isiyo na mjadala: risasi ikipita juu ya tuta, umetolewa mashindanoni. Hawasubiri kuuliza kama imempata mtu. Unafungasha silaha, unakwenda nyumbani, hata kama ulikuwa unaongoza. Viwanja vyetu vya kawaida tunamwambia mtu "kuwa makini", tunaendelea.

Swali Moja

Wakuu samahani, mimi mgeni kwenye mambo haya. Mjomba wangu ana eneo lake la kulengea, tunapiga raifo mita 100, tuta la udongo kama mita 3 hivi. Nina maswali mawili. Bunduki ikigoma nifanye nini hasa, hatua kwa hatua? Na bunduki za marisau za kupigia visahani vinavyorushwa hewani, mbona zinapigwa juu kila siku na hakuna anayelalamika?

Mlinda Tuta

Maswali mazuri, kijana.

Bunduki ikigoma, usiisogeze kabisa. Mtutu ubaki pale pale ulipokuwa unatazama, kwenye tuta. Toa kidole kwenye kifyatulio, kinyooshe ubavuni mwa bunduki. Hesabu angalau sekunde 30. Kuna risasi zinazochelewa kulipuka: kiberiti cha risasi kimewaka lakini baruti imeshika polepole, na inaweza kulipuka wakati wewe umeshaigeuza kuichungulia. Baada ya hapo toa magazini, fungua chemba (tundu inapokaa risasi), acha risasi ianguke chini. Ikishindikana, usiibebe kwenda kwa mtu. Paza sauti, nyoosha mkono wako mwingine juu, mtu aje kwako. Kosa la yule kijana wangu lilianzia hapo: aliileta bastola kwake ili aione vizuri. Mwili unataka kufanya hivyo, kuleta kitu kibovu karibu na macho. Lazima uufundishe mwili ukatae, kwa kurudia na bunduki tupu mpaka mikono ijue.

Wakati wa kukoki bastola, mkono mfupi unataka kuigeuza kando au juu ili upate nguvu. Simama wewe kwa ubavu, bastola ibaki inatazama tuta. Geuza mwili, usigeuze silaha.

Marisau ni habari nyingine. Punje zile ndogo za visahani ni nyepesi, hewa inazikaba haraka, zinaishia takriban mita 200 na zikifika huko zimechoka. Ndiyo maana viwanja vya visahani huacha eneo tupu la mita 275 au zaidi mbele yao, haruhusiwi mtu kuingia. Kwa hiyo nao wamepanga mahali pa kutua. Ila usichukue bunduki hiyo hiyo ukaweka punje kubwa za kuwindia wanyama wakubwa: hizo zinaweza kupita mita 500. Na ile risasi moja nzima ya bunduki ya marisau inakwenda mbali zaidi hata ya hapo. Bunduki ni moja, aina ya risasi ndiyo inayobadilisha kila kitu, na watu hukosea hapo.

Kengele

Mkuu, kuna hili pia. Siku hizi kuna mafunzo wanafundisha kubeba silaha mdomo ukiwa juu, wanasema ukiangalia chini unaweza kumpiga mwenzio mguuni au risasi ikadunda kwenye sakafu. Tushike lipi?

Mlinda Tuta

Kaka, hoja ya kudunda ni ya kweli. Risasi ikigonga mwamba, chuma au hata maji kwa pembe ya chini inaruka, na ikiruka hujui inakwenda wapi. Ndani ya jengo la ghorofa, ambako chini yako kuna watu na juu kuna zege, mtu anaweza kuwa na sababu ya kuelekeza juu. Swali ni lile lile kila mahali: ikitoka sasa hivi, itasimamishwa na nini? Jeff Cooper, aliyekuwa rais wa kwanza wa IPSC, aliliweka kwenye kanuni zake nne zinazofundishwa duniani kote: jua shabaha yako na kilicho nyuma yake. Nje, uwanjani, juu hakuna kitu cha kusimamisha risasi. Udongo laini wa tuta upo mbele yako, na wa ardhi upo miguuni. Mawe yaondolewe kwenye tuta, basi. Mimi kwangu mtutu unatazama tuta, na mtu akitembea na silaha iwe tupu, chemba wazi, kila mtu anaona.

Bi Mizani

Naomba pia mwenye uwanja ajue nani anaishi nyuma. Si kwa ramani ya mwaka ule alipoanza. Watu wanajenga, njia mpya zinafunguka. Apite kwa miguu.

Gobore Kuukuu

Bibie amenena. Mimi kijana nilikuwa nalenga upande wa pori. Leo pori lile lina mapaa ya nyumba.

Swali Moja

Wakuu, nimerudi. Jana nilifanya jaribio bila bunduki. Nilikata fimbo iliyonyooka ya sentimita 60, nikailaza kwenye meza tunayopigia, kwenye mfuko wa mchanga, ikitazama shabaha katikati. Nikachungulia juu yake kama ninavyochungulia mtutu. Nikaona karatasi ya shabaha.

Nikaweka kipande cha mbao cha sentimita 1 chini ya ncha ya mbele. Nikaona udongo wa juu kabisa wa tuta, nyasi zinacheza na upepo.

Nikaongeza kipande cha pili. Sikuona udongo tena. Niliona vilele vya miti, na katikati ya miti bati la nyumba moja, linang'aa. Nimekuwa nikipiga pale miaka miwili na sikuwahi kujua kuna nyumba.

Nikamwita mjomba, nikamwambia achungulie. Alikaa pale kimya muda mrefu, jicho moja limefumba. Kisha akainuka, akaenda kwa miguu mpaka kwenye ile nyumba, mimi nikimfuata. Kuna bibi pale na wajukuu wawili. Mjomba akajitambulisha, akawaambia sisi ndio tunaosikika Jumamosi. Bibi akasema mlio wanausikia, wamezoea.

Eneo limefungwa tangu jana jioni. Mjomba ameshaagiza udongo, anataka tuta lipande mpaka mita 6 na kingo zake za pembeni zizibwe, na meza isogezwe mbele. Naomba mzee Mlinda Tuta, kama una vipimo vya upana unavyotumia huko kwenu, niandikie, maana wanaanza kumwaga kesho asubuhi.